Kumpandisha Kashata Mgeta

Mmeniuliza mpaka nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nani alianguka? Hakuna aliyeanguka. Ni kweli nilimgeuza farasi uso kwenye bonde? Ni kweli, na nitaeleza kwa nini. Ni kweli nilitaka kumpiga mzee wa watu? Alikuwa mtani wangu, na uzee wenyewe si wa kutisha. Basi kaeni niwasimulie yote kwa mpangilio, halafu tuzungumze mengine.

Kwa wasiomjua, Kashata ni farasi jike mwenye rangi ya kashata za karanga. Nimemtunza miaka mingi pale Bigwa, Morogoro, kwenye uwanja wa mzee aliyekuwa akifundisha watoto kupanda farasi siku za mapumziko. Mzee sasa anahamia kwa wanawe, na farasi wengine wote wamepata pa kwenda. Kashata alikosa kwa sababu ni mwoga. Mfuko wa nailoni ukipeperuka upande huu wa uwanja, yeye ameshafika upande ule. Mtu pekee aliyemtaka ni bwana mmoja wa Dar anayepiga picha za watoto juu ya farasi ufukweni, katikati ya spika na maputo. Mzee aliniambia wazi kwamba nisipopata mtu mwingine kabla mwezi haujaisha, Kashata anakwenda huko. Nilikuwa nikifumba macho naliona puto linapasuka na mtoto yuko mgongoni. Usingizi ulinipaa.

Ndipo Selemani, ninayefanya naye kazi, Mluguru wa Mgeta, akamtaja mama yake mkubwa. Bi Mwanahawa analima kabichi na karoti huko juu. Nyonga yake imeharibika, na nyumba yake iko mbali na barabara, njia yenyewe ya miguu na ya mlima mtupu. Zaidi ya mwaka alikuwa hajashuka gulioni. Vijana walipombeba kumleta kutibiwa Morogoro alifikia kwa Sele, akawaona watoto wetu wanazunguka uwanja, akasema, "Kama mtoto wa chekechea anakaa pale juu, mimi nitashindwa nini?" Alikubali kumchukua Kashata kwa sharti moja. Lazima kwanza amwone, kwa macho yake, akipanda ile njia ya nyumbani kwake na mtu mgongoni. Akishindwa na njia, arudi alikotoka.

Na mimi nilikuwa na sharti langu ambalo sikumwambia mtu. Nilitaka Kashata apokelewe, lakini sikutaka kumkabidhi mama wa watu, mwenye nyonga mbovu, mnyama atakayemmwaga korongoni. Hayo mawili yalinivuta huku na huku safari nzima.

Bigwa: lori lililokataliwa

Tulipanga kupanda lori. Malori ya mboga hupanda Mgeta matupu na kushuka yamejaa, na dereva mmoja alikubali kutuchukua asubuhi. Kashata alipanda ubao bila neno, akaweka kwato moja kwenye sakafu ya chuma, chuma kikalia. Alirudi nyuma akiwaburura Sele na utingo kama mabua.

Tukatandaza majani makavu. Tukamwekea pumba. Nikamfunga kanga usoni, akaona heri afe. Majirani wakatoka kutoa ushauri, maana Bigwa ushauri haukosekani. Mmoja akasema apigwe, mwingine akasema asomewe dua, na mama mmoja akauliza kama huyu mnyama anakula nyama, kwa sababu anamtazama vibaya. Dereva alivumilia mpaka jua likachoma, kisha akanifuata taratibu.

"Dada, huyu ameshakwambia hapana. Unataka akuandikie?"

Akawasha gari akaondoka. Nikamtazama Sele, Sele akatazama milima.

"Tutembee," akasema. "Mimi nitatembea. Wewe upande. Si ndicho mama mkubwa anachotaka kuona?"

Basi tukafunga tandiko na mablanketi, Sele akabeba begi na debe la pumba, tukaondoka kwa miguu sita.

Hatukufika mbali. Kwenye nyumba moja pembezoni mwa mji walikuwa wakifunga maturubai kwa ajili ya harusi. Upepo ukanyanyua pembe moja, turubai likapiga pa. Kashata akaruka pembeni, nami nikafanya kosa lilelile ninalowakataza watoto kila Jumamosi. Nilijikunja mbele na kuvuta hatamu zote mbili kwa nguvu. Farasi ukimvuta hivyo haelewi kwamba unamwambia asimame. Anaelewa kwamba hata wewe uliye mgongoni umeona simba. Alirudi kinyumenyume mpaka miguu ya nyuma ikaingia kwenye mtaro wa maji ya sabuni, na wapishi wa harusi wakaacha vitunguu ili watazame vizuri.

Hapo nikakumbuka kazi yangu. Nikatoa pumzi yote nje, kwa sauti, kama mtu anayetua mzigo. Pumzi ikitoka, makalio hukaa kwenye tandiko yenyewe. Nikashusha visigino. Nikalegeza mkono wa kulia, nikautumia wa kushoto peke yake kumpinda shingo azunguke duara dogo, kwa sababu farasi aliyepinda shingo hana nguvu ya kutimka. Duara la kwanza akakoroma puani. La tatu akaanza kusikiliza. Nikamsimamisha akilitazama turubai kwa mbali mpaka akashusha kichwa, ndipo tukalipita, mimi nikitazama mbele barabarani wala si turubai. Ukikitazama kitu anachokiogopa, anajua una sababu.

"Umepona?" Sele akauliza.

"Si unaniona niko juu."

"Nakuona. Nauliza roho."

Changarawe: godoro la tatu

Siku ya kwanza tulilala Changarawe kwa rafiki wa Sele, Mama Neema, anayefuga kuku na kuuza mayai kwa wanafunzi. Sele alikuwa amempigia simu njiani akamwambia tunakuja watu wawili na Kashata. Mama Neema hakuuliza zaidi. Tulipobisha hodi tulikuta ametandika magodoro matatu sebuleni, la tatu likiwa na shuka la maua na mto, na amepika wali, maharage na mchicha wa nazi kwa wageni watatu.

"Na huyo binti yuko wapi?" akauliza akichungulia nyuma yetu.

Sele akamwonyesha binti, aliyekuwa ameshaanza kula ua wa michongoma.

Mama Neema alicheka mpaka akakaa chini. Halafu, kwa kuwa sahani ya tatu ilikwisha kupakuliwa na yeye ni mtu asiyependa chakula kurudi sufuriani, akanilazimisha kula ya Kashata pia. Sikukataa sana. Kashata alilala nyuma ya banda la kuku, na asubuhi nikakuta jogoo amesimama mgongoni kwake, yeye ametulia tuli. Mnyama yuleyule aliyekimbia turubai. Ndipo nilipojikumbusha kwamba woga wake si wa kila kitu. Anaogopa kisichotarajiwa. Jogoo alikuwa amejitambulisha usiku kucha.

Mlali: sahani ya mtani

Kutoka Changarawe mpaka Mlali njia ni tambarare na haina visa vya kusimulia, isipokuwa kila tuliyepishana naye alituuliza kama tunampeleka bwana harusi. Tulipofika Mlali Kashata alikuwa ametulia hata nikaanza kujisifu moyoni, na hapo ndipo mambo huharibika.

Tukaingia kula kwa mama ntilie mmoja karibu na njia. Nikamfunga Kashata mtini mahali ninapomwona. Nilipomwagiza mama ndizi za nazi, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia naishi Bigwa lakini kwetu Tabora, Mnyamwezi. Bwana mmoja wa makamo aliyekuwa akila pembeni, kofia ya barakashia imeelekea nyuma, akainua kichwa.

"Mnyamwezi juu ya farasi," akasema. "Zamani mlipita hapa na mizigo vichwani. Leo mnabebwa."

Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu hao mababu wa mizigo. Mtu akikuanza hivyo huwezi kukaa kimya, utaonekana huna kwenu. Nikahamia benchi lake, nikavuta sahani yake, nikala kipande cha nyama alichokuwa amekibakiza kwa ajili ya mwisho. Mama ntilie akapiga makofi.

"Zamani mlitupisha njiani," nikamwambia huku natafuna. "Leo mtupishe sahani."

Jina lake Mkude. Ni dalali wa mboga, kwake ni Mgeta, na alikuwa akirudi nyumbani na pikipiki. Akacheka, akaipigia hesabu sahani tupu, akasema Mgeta haipandwi bure na Mnyamwezi lazima atozwe ushuru. Akauliza naelekea kwa nani. Nikamwambia.

"Kwa Bi Mwanahawa? Huyo ni jirani yangu, mashamba yetu yamepakana. Na huyo mnyama ataiweza ile njia?"

Sasa sikilizeni mdomo wangu. Ningeweza kusema kweli, kwamba ni mwoga na twende naye taratibu. Lakini huo ulikuwa utani, na kwenye utani mtu hakiri udhaifu wa chake. Nikamjibu, "Farasi huyu hajazaliwa Mluguru wa kumtisha."

Mkude akatabasamu, akanawa mikono, akawasha pikipiki. Sele, aliyekuwa akinywa uji kimya muda wote, akanitazama.

"Dada Tatu, maneno gani hayo?"

"Utani tu."

"Wewe humjui Mkude," akasema, akamalizia uji.

Mlimani: kichwa upande wa bonde

Kutoka Mlali njia inaanza kupanda na haijali kama umechoka. Hewa inapoa, mashamba yanasimama wima, na kila kona malori ya mboga yanashuka yakinguruma kwa gia ndogo. Kwa malori nilikuwa nashuka na kusimama na Kashata kwenye ukuta wa mlima mpaka yapite. Msidhani kushuka ni aibu. Mpandaji anayejua kushuka mapema huzeeka. Lakini ukishashtukizwa umechelewa kushuka, na kwenye njia nyembamba huwezi kuzunguka duara, kwa hiyo lazima uwe na mbinu nyingine.

Mbinu hiyo nilifundishwa na mzee wangu wa Bigwa, na nilitaka Kashata aikumbuke kabla hatujaihitaji. Mahali palipokuwa na upana kidogo, bonde likiwa kushoto, nikamsimamisha na kumgeuza taratibu pua ielekee bondeni. Makalio yakaenda ukutani. Akachungulia chini, akaweka miguu ya mbele imara, akasimama. Nikamsifu, tukaendelea. Tukarudia kila tulipopata nafasi.

Sele aliona mara mbili akakosa uvumilivu. "Kichwa upande wa bonde? Unamwonyesha kaburi?"

"Namwonyesha njia inaishia wapi. Ukimgeuza kichwa ukutani, makalio ndiyo yanatoka nje, na makalio hayana macho."

"Mimi ningemgeuza ukutani."

"Ndiyo maana unatembea."

Tulikutana pia na kijana wa bodaboda aliyefunga ndoo tupu za plastiki nyuma mpaka zikampita urefu. Zilikuwa zikigongana. Kashata akasimama, shingo juu, masikio mbele, nikauona moyo wake unapiga kwenye bega. Nikatoa pumzi, nikamwomba kijana azime. Akazima, akashuka, akaomba kupiga picha. Farasi akazitazama ndoo, ndoo hazikufanya kitu, tukapita. Nikaanza kuamini kwamba tutafika salama, na kwamba Bi Mwanahawa hataona chochote cha kumtia shaka. Nikaanza hata kufikiria nisimwambie kabisa kwamba Kashata hushtuka. Nakiri wazo hilo lilinipitia, na lilinipitia likiwa limevaa vizuri.

Njia ya Bi Mwanahawa

Usiku tulilala kwa watu kando ya barabara, na siku iliyofuata tukaiacha, tukashika njia ya miguu inayopanda kwa Bi Mwanahawa. Ni nyembamba, upana wa mtu na mzigo. Kulia ni ukuta wa udongo uliopandwa majani marefu ya mabingobingo juu yake, kushoto ni mteremko wa mashamba ya kabichi unaokwenda chini mpaka kijito unakisikia bila kukiona. Nyumba iko juu, mlango umeelekea njia yote. Nikamwona mama ameketi kwenye kigoda kizingitini, mkongojo kando yake, anatutazama. Nikajiweka sawa kwenye tandiko kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi.

Tulipokaribia kona ya mwisho, ambapo njia inapanuka kidogo, mabingobingo yakapasuka. Mkude akaruka njiani mbele yetu amevaa gunia la viazi lililotobolewa, usoni amejipaka jivu, mkononi sufuria kubwa ya shughuli na mwiko. Akaipiga sufuria.

"Ushuru, Mnyamwezi. Hapa hapiti mtu."

Kashata alijikusanya chini yangu, akarudi nyuma. Mguu wa nyuma wa kushoto ukakanyaga ukingo, mawe yakaporomoka. Niliyasikia yakienda, yakienda, sikuyasikia yakifika. Sele nyuma yangu alitamka jina la Mungu.

Mikono yangu ilitaka kuvuta. Kila kitu mwilini kilitaka kuvuta, na kingine kilitaka kumgeuzia ukutani, mbali na lile shimo. Nikatoa pumzi. Visigino chini. Nikaachia hatamu ya kulia, nikafungua mkono wa kushoto nje, mbali na shingo, juu ya bonde, na macho yangu nikayapeleka hukohuko. Pua yake ikafuata mkono. Makalio yakazunguka yakarudi njiani, yakagusa ukuta. Tukawa tumesimama tumekabili hewa tupu, mimi na yeye, kabichi za watu ziko chini sana. Akaliona bonde. Akakaza miguu ya mbele, akasimama anatetemeka, na mimi natetemeka juu yake, hata nikawa sijui ni mtetemo wa nani.

"Mtani," nikasema bila kugeuka. "Kaa chini. Weka sufuria polepole."

Nikasikia Mkude anakaa. Sauti ya sufuria ilikuwa ndogo, ameishusha kama yai.

Tukakaa hivyo. Hapo hakuna la kufanya ila kutofanya kitu, na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Usimpige, usimkemee, usimsukume aondoke haraka. Nikamkuna mbele ya tandiko na kupumua mpaka naye akapumua, akalamba midomo, akashusha shingo. Ndipo akageuza uso mwenyewe kumtazama yule mtu wa jivu. Nikamwacha atazame.

"Zungumza naye," nikamwambia Mkude. "Ajue wewe ni mtu."

Mkude alikuwa ameketi chini, sufuria magotini, uso umemshuka chini ya jivu. Akafikiri. Akamwambia farasi, "Shikamoo."

Sele akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, nilitaka kushuka nimpige na huo mwiko wake. Lakini mtani hakasirikiwi, na zaidi ya hapo mimi ndiye niliyemwita. Hajazaliwa Mluguru wa kumtisha, nilisema. Alikuja kuniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, "Sijakasirika," meno yakiwa yamebana, tukampita.

Kizingitini

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Mbona umemgeuza akachungulia kule?"

Nikamweleza habari ya makalio yasiyo na macho. Akanisikiliza, kidole gumba kikikanda nyonga. Chai ya tangawizi ikaja, na viazi vya kuchemsha na chumvi. Mkude akafika nyuma yetu akiwa ameshanawa uso, akakaa mbali. Ilikuwa zamu yangu kusema, na lile wazo lililovaa vizuri lilikuwa bado lipo, likiniambia kwamba mama ameona farasi aliyesimama, inatosha. Nikaliona puto. Safari hii aliyekuwa mgongoni hakuwa mtoto.

"Mama, sitakuficha. Anashtuka. Leo si mara ya kwanza na haitakuwa ya mwisho. Ukisema hapana nitaelewa, tutashuka naye kesho."

Sele akaacha kutafuna. Bi Mwanahawa akamtazama Kashata, aliyekuwa akivuta majani ukingoni mwa shamba.

"Marehemu baba watoto hakuwa mtu wa kushtuka," akasema. "Alisikia honi ya lori pale barabarani, hakusogea."



"Huyu alisikia," akaendelea, "akasimama. Mimi nilikuwa naangalia hilo tu. Sasa, Mkude. Faini yako."

"Nimekosa nini? Ulikuwa utani."

"Ndiyo. Na faini ni ya utani vilevile. Mgeni, aambiwe alete nini, kuku?"

Kuku ningemla siku moja. Nikamfikiria jogoo wa Mama Neema. Nikasema sitaki kuku. Namtaka Mkude mwenyewe, kila asubuhi, na sufuria ileile na karoti. Siku ya kwanza asimame kule kwenye mgomba wa mwisho, agonge mara moja polepole, amletee karoti, aende zake. Kesho yake asogee kidogo. Farasi akiinua kichwa kwa hofu, Mkude ajue amesogea mno, arudi nyuma. Afanye hivyo mpaka sufuria iwe habari ya karoti.

"Na nikichoka?"

"Utani una likizo?" Bi Mwanahawa akamuuliza.

Darasa la Bi Mwanahawa

Nilikaa huko juu kuliko nilivyopanga, maana mwanafunzi wangu alikuwa na haraka. Alipanda kutoka kwenye ukuta wa mawe wa shamba, Sele akimshika upande wa nyonga mbovu. Nilitegemea atajikunja kama wote wanavyojikunja. Akakaa wima kama mlingoti. Miaka yote ya kubeba tenga la kabichi kichwani ilikuwa imemfundisha shingo na kiuno bila kujua ipo siku vitahitajika juu ya farasi. Kashata naye alitembea chini yake kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwetu.

Kilichomshinda ni visigino. Vilikuwa vikipanda kila Kashata alipoinua sikio. Nilipiga kelele visigino chini, mama, visigino chini, mpaka wapita njia wakawa wanaitikia. Nilimfundisha kutoa pumzi, nikamfundisha mkono mmoja, nikamfundisha bonde. Siku moja kunguru aliruka kwenye mabingobingo, Kashata akasita, na kabla sijafungua mdomo mama alikuwa ameshapeleka pua ya farasi bondeni na kusimama. Akanitazama kama anayesubiri chai.

Mkude alikuja kila asubuhi akilalamika. Alisema watu gulioni wanamcheka, dalali mzima anampigia mnyama ngoma. Lakini karoti zake zilikuwa zikizidi kunenepa, na siku moja nilimkuta amezimenya.

Kushuka

Asubuhi ya kuondoka nilimuaga Kashata haraka kwa sababu najijua. Nikamshika uso, nikamwambia maneno yasiyowahusu, nikachukua begi na tandiko la zamani, kwa kuwa mama alishashonewa jingine. Sele alibaki kumsaidia mama yake mkubwa wiki za mwanzo. Nikaanza kushuka njia ile peke yangu kwa miguu, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi ilivyo nyembamba. Nililia kidogo. Hakukuwa na mtu.

Pale kona ya mwisho, ambako yale mawe yaliporomoka, sufuria ikalia juu yangu. Si mara moja, na si polepole. Mkude aliipiga kwa nguvu zake zote, nadhani ndiyo ilikuwa kwaheri yake.

Niliruka. Begi likanitoka, tandiko nikalikumbatia, mgongo ukagonga ukuta. Nikageuka kutazama juu nikiwa nimeshika moyo, nikitarajia kumwona Kashata anatimka kuelekea Dodoma. Alikuwa uani, Bi Mwanahawa yuko mgongoni wima, na alichofanya ni kunyoosha shingo kumpekua Mkude mfukoni.

Mama akaniona nilivyojibanza pale. Akanyanyua mkongojo kunipungia, na sauti yake ikashuka bonde zima.

"Visigino chini, mwanangu."